Mashine Iliyochakaa Inauzwa kwa Nani?

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinipigia simu jioni moja mwezi uliopita akiwa Karatu mjini. Baada ya shikamoo na habari za wazee alinieleza haja yake. Anauza mashine ya boti na anaomba nimwandikie tangazo. "Kaka, wewe ndiye unayejua kuandika," alisema. "Sisi tukiandika, watu wanadhani ni matapeli." Dakika chache baadaye nikapokea rasimu yake: mashine ya kupachika, nguvu ya farasi 15, iko safi, haina tatizo lolote, sababu ya kuuza ni kubadilisha biashara, bei maelewano.

Nilirekebisha tahajia, nikapanga alama za uandishi, nikafika kwenye maneno "iko safi, haina tatizo lolote" na hapo nikakwama. Nilijua kuwa si kweli. Naye alijua kwamba ninajua.

Wasomaji wanaofahamu nilikozaliwa watacheka kwanza. Mtu wa Sale na mashine ya boti, wapi na wapi? Sale yetu, katika wilaya ya Ngorongoro, ni nchi ya mifereji, mbuzi na mashamba ya bondeni. Ziwa lililo jirani nasi ni Natron, ziwa la magadi na heroe, na sikumbuki utotoni kumwona mtu yeyote wa ukoo wetu aliyejua kupiga kasia. Lakini vijana wa Sale waliacha zamani kukaa mahali pamoja. Huyu wa kwetu aliteremka kwa njia ya Ngaresero na Engaruka hadi Mto wa Mbu, akapanda Karatu, akashuka tena Mang'ola kutafuta kibarua katika mashamba ya vitunguu. Pale ndipo alipokutana na Ziwa Eyasi.

Eyasi si ziwa la kuaminika. Halina mto unaotoka, kina chake ni kifupi, na katika miaka ya ukame hurudi nyuma mpaka likabaki uwanda mweupe wa chumvi. Mvua zikizidi, kama zilivyozidi mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020, maji hurudi, kambale na perege huongezeka, na watu huja kutoka mbali na nyavu zao. Wengi husukuma mitumbwi kwa pondo. Ndugu yangu aliona kwamba mwenye mashine angefika mbali zaidi na kurudi mapema sokoni, hivyo akakopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, akaongeza fedha ya mbuzi sita wa mkewe, na kwa msaada wa dalali akanunua kwa shilingi milioni mbili na laki mbili mashine iliyokuwa imetumika Ziwa Victoria. Kabla ya hapo, aliambiwa, ilikuwa pwani. Hakupewa karatasi yoyote zaidi ya stakabadhi ya mkono.

Alipofika kuikagua, muuzaji aliifunga kwenye pipa lililojaa maji, akavuta kamba mara mbili, ikaunguruma vizuri kabisa. Ilinguruma dakika kumi. Ndugu yangu akalipa.

Naomba msomaji anivumilie kidogo katika mambo ya ufundi, kwa sababu hoja yangu yote imejificha humo. Mashine ya kupachika haina rejeta kama ya gari. Hujipoza kwa maji ya ziwa lenyewe: pampu ndogo yenye mapezi ya mpira, mafundi huiita impela, huyavuta maji kutoka chini, huyapitisha katika vijia vyembamba kuzunguka silinda, kisha huyatoa nje. Maji yakiwa na tope, mapezi ya mpira hulika. Yakiwa na magadi, vijia hujenga ukoko na alumini yenyewe huliwa; mama yeyote aliyewahi kupika kwa magadi katika sufuria ya alumini anajua jinsi sufuria inavyogeuka nyeusi. Dawa yake ni rahisi: baada ya kila safari mashine isafishwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na impela ibadilishwe kabla haijaisha. Bila hivyo joto hupanda, ringi hubana, pistoni huchubua ukuta wa silinda, na kompresheni hupungua siku baada ya siku.

Mashine ya namna hiyo huwaka. Hili ndilo la hatari. Katika pipa, bila mzigo, kwa dakika kumi, huwaka na kutulia kama mpya. Inakufa baada ya nusu saa ya kazi, ikiwa imepata moto, boti ikiwa imejaa na upepo ukiwa wa mbele. Kwa maneno mengine, huishiwa nguvu pale tu ambapo haiwezekani kushuka na kutembea.

Ndivyo ilivyomfika. Alasiri moja, akiwa na vijana wawili, mmoja wao mtoto wa shangazi yetu mwenye umri wa miaka kumi na saba, mashine ilizimika mbali na ufuko. Pondo walikuwa wameiacha nyumbani, kwani mwenye mashine ana haja gani na mti? Upepo wa Eyasi wa jioni haujui mzaha. Walikota maji kwa kopo la rangi usiku kucha, boti ikisukumwa upande usio na watu, na kulipokucha wakajikuta kwenye tope, wakaburuta miguu saa kadhaa hadi walipopata wafugaji waliowapa maziwa. Mtoto wa shangazi hajarudi ziwani tangu siku hiyo. Shangazi naye hajazungumza na mdogo wangu tangu siku hiyo.

Fundi wa Karatu, ambaye kazi yake hasa ni pikipiki, aliifungua akaonyesha silinda iliyochubuka na vijia vilivyoziba. Kuchonga silinda, kununua pistoni na ringi za saizi kubwa zaidi, impela na vikorokoro vingine, vyote viagizwe Mwanza au Dar es Salaam, ni gharama inayokaribia nusu ya bei aliyonunulia. Fedha hiyo hana. Deni la kikundi linamngoja kila Jumamosi. Anayetaka kuinunua ni kijana wa upande wa Musoma, aliyepatikana kwa dalali yuleyule, na ambaye anakwenda kuifunga kwenye mtumbwi katika Ziwa Victoria, mahali ambapo hakuna tope la kusimamia.

Nilimwambia mdogo wangu kwamba siwezi kuandika "iko safi". Alinyamaza, kisha akaniuliza swali ambalo sijalipatia jibu la kuniridhisha hadi leo: "Kaka, mimi nilipouziwa, nani aliniambia?"

Ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi kumjibu kwa mahubiri. Sikutaka kufanya hivyo. Nilijaribu kwanza kujificha nyuma ya sheria, kama wasomi tunavyofanya tukibanwa. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, imejengwa juu ya kanuni ya kale kwamba mnunuzi ajihadhari. Masharti ya ubora humbana hasa yule anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo. Mtu binafsi anayeuza chake mara moja hana wajibu wa kutangaza kila kasoro. Ila kusema uongo, au kuficha kasoro kwa makusudi, ni hadaa kwa mujibu wa sheria ya mikataba, na mkataba unaweza kuvunjwa. Nilimweleza hayo kwa lugha nyepesi. Alielewa upesi kuliko wanafunzi wangu wengi. "Basi kaka," akasema, "andika 'iliyotumika' tu. Usiseme safi, usiseme mbovu. Mwache aje aijaribu kwenye pipa."

Na kweli, kisheria pengine angepita salama. Yule aliyemuuzia yeye alipita salama vivyo hivyo. Mashine imetoka pwani kwenda Mwanza, Mwanza kwenda Eyasi, sasa inataka kwenda Musoma, na katika kila kituo kuna mtu mwenye deni, aliyenyamaza, na aliyewahi kunyamaziwa. Hakuna mhalifu hata mmoja katika mlolongo huo ninayeweza kumnyooshea kidole bila kuona haya. Kinachohamishwa hapa, mkono kwa mkono, ni hasara, na hasara hutelemka kama maji, ikitafuta mahali pa chini zaidi.

Tabia hii haikuanzia kwa wavuvi. Taifa zima tumekaa kwenye ngazi ya mwisho ya mitumba ya dunia, na majini ngazi hiyo imetugharimu sana. MV Skagit ilijengwa Marekani mwaka 1989, ikabeba abiria wa jimbo la Washington kwa miaka 20, ikaondolewa kazini 2009, ikauzwa 2011, ikaja kwetu. Julai 18, 2012 ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Mwaka mmoja kabla yake, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ilikuwa MV Spice Islander, meli iliyoundwa Ugiriki mwaka 1967, iliyozama kati ya Unguja na Pemba na kuondoka na watu wengi mno. Sisemi kwamba injini ndizo zilizozizamisha. Msongamano, bahari chafu na uzembe wa ukaguzi vina sehemu yao kubwa. Nasema tu kwamba chombo ambacho mwenyewe wa kwanza amekwisha kukichoka kilitufikia kikiwa na rangi mpya, nasi tukakipokea, kwa sababu waliokuwa wakikingoja walikuwa maskini wenye haraka ya kufika kwao.

Kwa haki, nitaje pia mfano wa upande wa pili. Ninao mmoja ninaoupenda sana, na wanafunzi wangu wamechoka kuusikia.

Mwaka 1913, huko Papenburg, Ujerumani, iliundwa meli iliyoitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa makashani, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapandishwa treni, ikaungwa upya Kigoma na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915 wakati vita vinapamba moto. Julai 1916 Wajerumani walilazimika kukimbia. Wakaamua kuizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini mafundi waliopewa kazi hiyo hawakukubali kuua mashine. Kabla ya kuizamisha walizipaka injini zake grisi nzito, kila kiungo, wakitumaini kwamba siku moja mtu atazihitaji. Waingereza waliiinua mwaka 1924. Walikuta injini na boila bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikiendeshwa na injini zilezile zilizolala miaka kadhaa chini ya maji, na haikubadilishiwa mvuke kuwa dizeli hadi miaka ya 1970.

Sina nia ya kuwasifu wakoloni. Meli ile ililetwa kwa ajili ya kutawala na kupigana. Ninachokitazama ni kile kitendo cha fundi na kopo la grisi. Alikuwa na amri ya kuangamiza, akatunza. Sisi tuna amri ya kutunza, imeandikwa katika kila waraka wa mali za umma, na mara nyingi tunaangamiza kwa kutofanya lolote.

Tazama namna fedha zetu zinavyotembea. Wizara yenye dhamana ya uvuvi iliwahi kuendesha mpango mzuri wa ruzuku ya injini za kupachika: Serikali ikichangia asilimia 40 ya bei na wavuvi asilimia 60. Injini hizo zimo pia katika zana za uvuvi zilizopewa msamaha wa kodi. Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya samaki kwa mikopo nafuu. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Haya yote nayaunga mkono, na aliyenufaika nayo ana haki ya kufurahi.

Lakini nimewahi kukaa katika vikao vya kupitia maandiko ya miradi ya vikundi, na nimeona safu ya matumizi inavyojazwa. Kununua boti. Kununua mashine. Kununua nyavu. Mafuta ya mwezi wa kwanza. Uzinduzi, pamoja na turubai na maji ya kunywa ya wageni. Sikuwahi kuona mstari wa impela. Wala wa fundi, wala wa akiba ya kununulia mashine nyingine hii itakapochoka. Niliuliza siku moja, afisa mmoja kijana, mpole, akanijibu kwa uaminifu kwamba mstari wa namna hiyo humfanya mfadhili adhani mradi wenyewe una mashaka. Yaani kukiri kwamba chuma huchakaa ni dalili ya kukosa matumaini!

Kwenye vyombo vikubwa mambo ni yaleyale kwa kiwango kikubwa zaidi. MV Victoria ilianza kazi mwaka 1961. Kila mtu serikalini alikuwa na miaka zaidi ya 50 ya kujua kwamba siku ya kubadilisha injini zake ingefika. Ilipofika, mwaka 2014, meli ilisimama, na watu wa Bukoba na Mwanza walisubiri hadi 2020 irejee ikiwa na mitambo mipya. Ukarabati ulifanyika vizuri, nami nilipanda nikafurahi. Ila ile miaka sita katikati haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa gharama ya kutoweka akiba, na waliolipa ni mama mwenye mikungu ya ndizi na mwanafunzi aliyelazimika kuzunguka kwa basi.

Na wala mashine mpya haitoshi peke yake. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, ikaua watu 228, wakati uwezo wake ulikuwa watu 101. Mara baada ya ajali, Temesa walieleza kwamba kivuko kilikuwa kimefanyiwa matengenezo makubwa miezi ya karibuni, zikiwemo injini zake zote mbili. Siku mbili baadaye, katika chombo kilicholala kichwa chini, fundi mitambo mmoja alipatikana hai ndani ya chumba cha injini. Chumba kile kilikuwa kimetengenezwa. Kilichochakaa kilikuwa mahali pengine, gatini, kwa yule aliyepaswa kuhesabu watu akasema inatosha. Nakumbusha haya ili mtu asinisome vibaya akadhani naamini vipuri vinaweza kuchukua nafasi ya uwajibikaji.

Nirudi Sale, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza hesabu hizi kabla sijajua kusoma.

Maji ya mifereji yetu hugawiwa kwa zamu, chini ya mamlaka ya baraza la wazee, wenamiji. Wageni wengi wameandika kuhusu ule ugawaji: nani anapata maji, saa ngapi, kwa haki gani. Wachache wamegundua kwamba kabla ya kugawa kuna kuzibua. Mfereji ukibomoka au kujaa mchanga, wanaume hutoka na majembe, na asiyetoka hutozwa. Nikiwa mtoto niliona mtu mwenye heshima zake akibishana kwamba shamba lake lipo juu, karibu na chanzo, na kwamba bomoko lililoko chini halimhusu. Wazee hawakumfokea. Walimjibu kwamba mfereji ni mmoja. Alikwenda kuchimba pamoja na wenzake, akiwa amenuna.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaosema kwamba Mwafrika hana utamaduni wa matengenezo. Nimelisikia neno hilo hata katika kumbi za chuo kikuu, kutoka kwa watu wenye shahada. Utamaduni upo. Kilichokosekana ni kuuweka ndani ya bajeti, na kuuondoa mzigo wake mabegani mwa yule wa mwisho kwenye mfereji.

Basi ningependa tufanye nini? Pikipiki ya mdogo wangu, yenye thamani ndogo kuliko ile mashine, ina kadi inayoonyesha namba ya injini na mmiliki. Mashine iliyotaka kuua watu watatu haina hata daftari. Ningependa kila mashine ya kupachika inayotolewa kwa ruzuku au mkopo wa umma iwe na daftari lake, lenye namba yake, saa zake za kazi kwa makadirio, matengenezo yake na jina la fundi, na daftari hilo liihame pamoja nayo kila inapouzwa. Litunzwe na kikundi cha wavuvi cha ufuko husika, BMU, siyo ofisi ya wilaya. Rafiki yangu mmoja mtumishi wa umma ameniambia kwamba kila karatasi mpya huzaa mkono mpya wa kupokea kitu kidogo. Namwelewa, na ndiyo sababu nasema ufukweni, mbele ya wenzake mwenye mashine, mahali ambapo kila mtu anajua mashine ya nani ilizimikia wapi.

Daftari, hata hivyo, ni nusu tu ya jambo, tena nusu iliyo rahisi. Likisema kweli, bei hushuka. Mashine ambayo ingeuzwa milioni moja na laki tano kwa ukimya itauzwa laki nne kwa ukweli. Ile tofauti ya milioni moja na laki moja nani aibebe? Tukimwachia mvuvi mwenye deni la Jumamosi, atalichana daftari, nami sitakuwa na uso wa kumlaumu. Hapa ndipo ruzuku ingefanya kazi yake iliyo bora. Badala ya asilimia 40 kwa anayenunua tu, sehemu yake itolewe kwa anayerudisha iliyochakaa: alete mashine mfu, apunguziwe bei ya nyingine, na ile mfu ifunguliwe na vijana wa VETA, vilivyo vizima ndani yake viwe vipuri, vilivyokufa viende kwa wayeyusha chuma. Mashine ikome hapo. Isishuke ngazi nyingine.

Atakayesema ni gharama kubwa, ahesabu kwanza gharama ya boti moja isiyorudi. Naye atakayesema wavuvi watadanganya mfumo, yuko sahihi, baadhi watadanganya. Na baadhi ya maprofesa hudanganya posho za safari, lakini hatujafunga vyuo.

Tuliongea tena siku ya pili, mimi na mdogo wangu, kwa muda mrefu hadi vocha ikaisha. Hakukubali kwa sababu ya Liemba wala Sura ya 214. Nilimuuliza tu jina la yule kijana wa Musoma. Hakulijua. Nikamuuliza umri wake. Akasema kwa sauti anadhani ni kama wa mtoto wa shangazi. Tukakaa kimya sote wawili, kisha akasema, "Andika unavyoona, kaka."

Tangazo likatoka hivi: Inauzwa mashine ya boti ya kupachika, nguvu ya farasi 15, kwa ajili ya vipuri. Silinda imechubuka. Inawaka kwenye pipa, inazimika ikipata moto. Haifai kusafiria.

Kijana wa Musoma hakuinunua. Fundi mmoja wa Mwanza alichukua sehemu ya chini na propela, na kabureta, kwa laki tatu na elfu themanini. Ndugu kadhaa tulichanga tukafikisha laki saba, shangazi akiwemo, ingawa alituma fedha yake kwangu na si kwake. Deni la kikundi bado lipo. Mdogo wangu amerudi kwenye vitunguu, na siku ambazo hana kibarua huingia ziwani na mtumbwi wa kuazima, kwa pondo.

Wiki iliyopita namba nisiyoifahamu ilinipigia. Ni mtu aliyeliona tangazo la zamani mahali fulani, anataka kujua kama mashine bado ipo. Nilimweleza kwamba imekwisha kufunguliwa. Akasikitika. Akaniuliza kwa nini tuliifungua ilhali tangazo lenyewe limesema inawaka.